Baridi Iliyomwingia Oliva

Juni 9, 1998. Newala

Shajara hii nimepewa bure na wanunuzi wa korosho. Siku hizi wameingia wengi, kila mmoja na lori lake na zawadi zake, na hawa wa mwaka huu wameona wakulima wapewe vitabu vya kuandikia tarehe. Mimi nimechukua kimoja kwa sababu cherehani yangu imelala. Tangu mitumba ijae sokoni hakuna anayeshonesha shati. Mtu ananunua koti la Mzungu, analileta nimpunguzie mikono. Leo nimepunguza mikono ya koti moja, nikafunga.

Oliva hakula tena. Anasema tumbo limejaa. Huyu mke wangu tangu nimuoe sijamwona akikataa ugali wa muhogo.

Juni 10

Ukungu mpaka saa nne. Hakuna mteja.

Juni 17

Tumetoka hospitali ya misheni. Ana uvimbe kwenye utumbo mkubwa. Daktari wa pale hakuutaja kwa jina, akasema "ugonjwa mbaya", nami nikaelewa. Anasema mwezi ujao anakuja bingwa kutoka Dar es Salaam, Daktari Godwin, na mashine mpya. Hapasui tumbo lote. Anatoboa matundu madogo, anaingiza kamera, anajaza tumbo hewa ili aone vizuri, anafanya kazi yake huku akitazama televisheni. Mgonjwa anapona upesi, kovu dogo.

Oliva aliuliza kama na sisi tutaruhusiwa kutazama. Daktari akacheka. Nikamchukia yule daktari kwa kucheka, wakati aliyeanza mzaha ni mke wangu mwenyewe.

Juni 21

Kikao cha ukoo. Mimi nilikaa karibu na mlango. Nimeishi huku ukweni miaka mingi, nimejenga, nimepanda mikorosho, lakini mke ni wa mjomba wake, na Mjomba Petro ndiye wa kusema apasuliwe au asipasuliwe. Alizunguka weee, akaelezea wagonjwa wa zamani mmoja mmoja, mwisho akasema sawa.

Mama mkwe wangu, Mama Ethel, alikuwa chumba cha pili anasikiliza. Hawezi kukaa nilipo mimi. Sijawahi kula mbele yake, na nikikutana naye njiani napisha nikatazama pembeni. Shikamoo namwamkia kwa mbali, naye huitika marahaba akiwa amegeuza uso. Nikiwa na neno lake, namwambia Oliva au Mjomba, wao ndio wanalifikisha. Ni mama mwema. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: katika ukoo ule wote, ndiye peke yake ambaye hajawahi kunifanya nijione mgeni.

Juni 30

Baridi inauma. Oliva amepungua, gauni la kanisani nimelibana pande zote mbili.

Julai 14

Nimeongea na Nesi Dorothy, yule anayewapa watu nusu kaputi. Mwanamke mkavu, anaongea kama anayegombana, lakini leo alinikalisha akanieleza vizuri.

"Baba Lois, nikishamlaza mkeo, mwili wake hautajua tena kujipasha moto. Na ile hewa wanayojaza tumboni ni ya baridi. Chumba chenyewe umekiona, na Julai hii. Hita ninayo, lakini jenereta likibeba mashine ya Daktari halibebi hita. Kwa hiyo kila mgonjwa wangu namzungushia chupa za dripu zenye maji ya moto, nabadilisha zikipoa."

"Basi uzitie, Nesi."

"Kwa maji yapi? Pampu imekufa tangu Mei. Tangi la hospitali ni la kunawa mikono na kuosha vyombo vya upasuaji, limefungwa kufuli. Lete maji yako. Ndoo nne zikae bandani kwa wauguzaji, alfajiri nitakuja kuzichemsha mwenyewe."

Sisi wa Masasi hatujui taabu ya maji kama watu wa huku juu. Kwetu Chiungutwa ukichimba unapata. Hapa Newala yale ya mvua yakishakauka kwenye visima vya nyumbani, mtu anashuka bondeni kabla jua halijatoka na kupanda tena na ndoo kichwani, mguu unateleza kwenye mchanga. Ndiyo maana huku mgeni haheshimiwi kwa kuku. Anaheshimiwa kwa maji ya kuoga. Nilipokuja kuposa nilipewa ndoo nzima nikaimwaga yote kwa kujitanua, na mpaka leo wananicheka.

Julai 19

Nimepanda na ndoo mbili. Magoti yamekwisha.

Julai 20

Ndoo mbili nyingine. Zote nne zipo bandani, zimefunikwa. Mama Ethel ndiye atakayelala pale na Oliva. Nilimwambia Mjomba Petro amfikishie kwamba maji yale yasiguswe, ni ya kumpasha Oliva moto kesho akiwa amelala chini ya kisu. Mjomba akaenda, akarudi, akasema amesikia.

Daktari Godwin bado yuko njiani. Mimi nakwenda kulala kwa fundi mwenzangu, wanaume hawalali pale.

Julai 21

Nimefika alfajiri nikakuta ndoo tatu tupu, na ya nne ina maji ya kufunika kiganja.

Gari la Daktari liliingia jana magharibi. Barabara ya kutoka Mtwara iliharibiwa na mvua za mwaka huu, vumbi juu ya mashimo, na wale watu walishuka wakiwa wekundu mpaka kope. Nyumba ya wageni haikuwa na tone. Mama Ethel akawaona. Akabeba ndoo, moja baada ya nyingine, akawapelekea. Bandani wote walimsifu. Mpaka nafika walikuwa wanaendelea kumsifu.

Nilimwuliza Mjomba Petro ulimwambia nini jana. Akasema, "Nilimwambia hayo ni maji ya mgonjwa."

"Hukumwambia ya kumpasha moto?"

"Maji ya mgonjwa si yanaeleweka? Ya kumwogesha. Naye aliona Oliva anaweza kukosa kuoga siku moja. Anayekuja kumshika mwanawe, amwache na vumbi?"

Alisema kana kwamba anamtetea, na mimi wakati ule sikuona cha kubisha. Nilichukua ndoo mbili nikakimbia bondeni. Kupanda nilianguka, moja ikamwagika. Nafika na ile moja, jua liko juu, Oliva ameshaingizwa. Daktari ana wagonjwa wengine wanaomngoja na kesho anaondoka. Nilimkabidhi mhudumu wa mlangoni ile ndoo. Akaniambia, "Mzee, sasa hivi hakuna anayetoka kuja kuchemsha."

Walikaa naye humo tangu asubuhi mpaka saa nane mchana.

Alipotoka midomo ilikuwa ya kijivu. Meno yaligongana mpaka kitanda kinalia. Nesi Dorothy alimrundikia mablanketi, akatazama kipimajoto, akakitikisa, akapima tena. "Thelathini na tatu," akasema, si kwa kuniambia mimi. Kisha akanigeukia. "Nilikuomba ndoo nne."

Nilisema zilimwagika. Sikuweza kusema zaidi, Mama Ethel alikuwa nyuma ya mlango na angesikia.

Julai 22

Joto limerudi. Ameomba chai. Daktari ameondoka, kasema uvimbe wote ameutoa na kazi imekwenda vizuri. Mama Ethel alipiga magoti barabarani gari likipita.

Julai 29

Tumerudi nyumbani. Matundu manne madogo, mtu angedhani ameumwa na wadudu. Majirani wanapanga foleni kuyaona. Oliva anawatoza kila mmoja kipande cha muhogo, ingawa hali hata kimoja.

Agosti 6

Amefagia uwanja.

Agosti 15

Amekwenda kanisani kwa miguu yake. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Mjomba Petro alisimama kwenye matangazo akashukuru waganga, mashine, serikali, na yeye mwenyewe kwa kukubali.

Agosti 27

Nimeshona sare tatu za shule. Oliva kanikosoa pindo. Siku njema.

Septemba 13

Mikorosho imetoa maua, harufu imejaa mpaka ndani. Oliva anasema inamtia kichefuchefu. Zamani aliipenda.

Septemba 19

Kwenye tundu la kulia, chini kidogo ya mbavu, kuna kitu kigumu. Kama kifungo cha koti kilichoshonewa ndani ya ngozi. Alikichukua kidole changu akakiweka pale.

Septemba 20

Vipo viwili. Na tundu la kitovuni nalo.

Oktoba 8

Daktari Godwin amekuja tena na tulimfuata. Ni kijana kuliko nilivyodhani, mpole, ana tabia ya kuvua miwani anapotoa habari mbaya. Aliivua mapema.

Ugonjwa umerudi, umeota mle mle alimopita na vyombo vyake, na tumboni pia umeenea. Hapasui tena. Oliva akiwa ametoka nje na nesi, nikamwuliza kwa nini. Nilisema nataka kujua, nisifichwe, mimi ni mtu mzima. Nikamweleza habari ya baridi, jinsi alivyotetemeka.

Alifuta miwani yake. Akasema huko ng'ambo wapo wanaochunguza jambo hilo hilo. Wanawafanyia panya upasuaji wa namna hii, wengine wanawaacha wapoe, wengine wanawapasha moto, kisha wanatazama saratani inakua vipi. Kuna wanaodhani mwili ukipoa, ulinzi wake unalala, na vijimbegu vya ugonjwa vilivyomwagika vinapata pa kushika.

"Kwa hiyo ni baridi," nikasema.

"Sikusema hivyo, mzee wangu. Panya ni panya. Majibu yenyewe yanapingana. Kwa binadamu hakuna ajuaye. Na uvimbe wa mkeo ulikuwa umeshapenya ukuta wa utumbo siku nilipouona. Huenda ungerudi hata kama tungemfanyia upasuaji juani."

Alisema yote hayo, nayaandika kama alivyosema. Lakini njiani kurudi nilikuwa nimebaki na lile la kwanza tu. Nilitembea nalo nyuma ya baiskeli, Oliva amekaa kwenye kiti cha nyuma, mimi nasukuma, na kila mzizi tukiruka anaguna.

Oktoba 11

Nasikia sauti ya Mama Ethel akiimba jikoni na chuki inanipanda. Sijui nifanye nini na moyo huu. Huyo ndiye mama niliyemwandika juu huko kwamba ni mwema.

Oktoba 15

Korosho za kwanza zimeanguka. Hakuna wa kuokota.

Oktoba 24

Leo nimefanya kitu ambacho hakifanywi.

Ilikuwa asubuhi. Oliva alikuwa amelia kwa maumivu mpaka akachoka, vidonge vya hospitali havimtulizi tena. Walikuja wageni watatu wa Mama Ethel kutoka ng'ambo ya bonde, kumwona mgonjwa. Nikamwona mama anatoka na ndoo, anaipeleka bafuni, anarudi anawaambia kwa heshima, "Karibuni mkaondoe jasho."

Sikupisha, wala sikumtuma mtu. Nilisimama mbele yake, nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe, nikaona kumbe Oliva amechukua macho yake. Na bado nilisema. Nilisema, "Mama, unagawa maji tena? Yale ya Julai yalikuwa ya kumpasha moto mwanao. Uliwaogesha madaktari, yeye akaingiwa na baridi, na baridi hiyo ndiyo iliyourudisha ugonjwa. Daktari mwenyewe ameniambia."

Wageni walishika vinywa. Mmoja alitoka mbio kana kwamba nimevua nguo. Mama Ethel alishusha ndoo chini taratibu, asimwage hata tone, akaingia ndani.

Baadaye Mjomba Petro alikuja. "Baba Lois, hata mlevi hamsemeshi mkwe hivyo. Hata kichaa." Akasema nisilale pale, nilale kwenye kibanda changu cha kushonea mpaka ukoo ukae. Nilitaka kumwambia na wewe ulikuwa na sehemu yako, uliyabeba maneno yangu ukayamwaga nusu. Sikuwa na nguvu iliyobaki.

Nilidhani nikishasema nitapumua.

Oktoba 25

Sipumui.

Oktoba 30

Nimeruhusiwa kuingia mchana. Mama Ethel amezidi kunyauka kuliko mgonjwa. Anashuka bondeni kila siku, peke yake, kwa umri ule. Maji yote anachemsha. Amekusanya chupa kwa majirani, za soda, za dawa, anazijaza, anazifunga vitambaa, anazipanga ubavuni mwa Oliva. Jiko la mkaa lipo chini ya kitanda.

Novemba 5

Malori ya korosho yanapita usiku na mchana, watu wana redio mpya, wananicheka nisiyeokota. Mvua imekataa. Joto la Novemba, bati linalia. Chumbani kwa Oliva huwezi kukaa muda wa kunywa chai. Ana homa, mwili unawaka, na juu yake kuna mablanketi mawili na koti zito la mtumba.

Alininong'oneza, "Baba Lois, mwambie mama aniache nipoe."

Nilimtuma Mjomba. Akarudi anatikisa kichwa.

Novemba 9

Nimemwendea mwenyewe. Nikishavunja mara moja, mara ya pili ina maana gani? Safari hii niliinama, nikatazama chini inavyotakiwa.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kuyarudisha maneno yangu. Daktari alisema hajui. Alisema hakuna ajuaye. Hayo ya baridi ni mambo ya panya. Niliyasema kwa uchungu."

Alikuwa anachochea moto. Alisogeza kijinga kimoja ndani, kisha kingine. Kisha akasema, akiwa amegeuza uso kwa adabu yake ile ile:

"Mkwe hasemi na mkwe wake neno kama lile ikiwa si kweli, baba. Ulivunja kila kitu ili unifikishie. Sasa unanionea huruma tu."

"Si huruma, Mama. Ni kweli."

"Nakushukuru," akasema, akaendelea kuchochea.

Nilikaa pale nimeinama. Niliona wazi kwamba adabu ile nilikuwa nimeilinda miaka yote, nikaivunja siku moja, na ile siku moja ndiyo imeyapa maneno yangu nguvu ambayo hakuna daktari wa dunia hii anayeweza kuyapokonya.

Novemba 12

Nesi Dorothy amepita na dawa ya sindano. Alipoingia chumbani alifoka, "Mnamchoma mtu huyu!" Akaondoa jiko, akafungua dirisha. Nilimpenda yule mwanamke kuliko siku zote. Alimweleza Mama Ethel kwa upole ambao sikujua anao, kwamba sasa joto halimsaidii, linamtesa. Mama Ethel aliitikia kila neno. Baiskeli ya nesi ilipopotea kwenye kona, alifunga dirisha.

Novemba 14

Niliyaondoa mablanketi mwenyewe. Oliva alivuta pumzi ndefu, akafumba macho, uso ukalainika. Nilimpepea kwa kipande cha boksi. Akasema, "Hapo. Hapo hapo." Nilipotoka kumtafutia uji na kurudi, yamerudi yote, na mama amejikunja pembeni yake, amemkumbatia juu ya blanketi, jasho linamtiririka yeye pia. Aliniambia bila kunitazama, "Atapata baridi, baba."

Mimi ni mwanamume mwenye mikono miwili. Ningeweza kumwondoa bibi kizee pale. Nilisimama na kile kikombe cha uji mpaka kikapoa.

Novemba 17

Oliva amekufa leo saa sita mchana, chini ya mablanketi mawili. Aliomba maji ya baridi, nikamlowesha midomo. Mama Ethel alikuwa ameshika miguu yake anaisugua ipate moto, na aliendelea kuisugua muda mrefu baada ya sisi wengine kuacha.

Novemba 18

Tumezika. Padri alisema maneno mazuri. Siyakumbuki.

Novemba 22

Mwanetu Lois amefika kutoka shuleni Mtwara, kachelewa mazishi kwa barabara. Yuko kidato cha tatu, anasoma sayansi. Nilimkuta amekaa uwanjani, sahani ya wali mbele yake haijaguswa. Wali wa bibi yake. Nikajua wameshamweleza. Habari ile haikuwa yangu tena, ilikuwa imeshafika mpaka stendi ya mabasi.

"Baba," akasema, "wanasema bibi ndiye."

Nikamwambia hapana. Nikamweleza yote polepole, ndoo, jenereta, hewa ya baridi, wale panya, na uvimbe uliokuwa umeshapenya. Nikamwambia daktari alisema kwa binadamu hakuna ajuaye.

Akanitazama kwa yale macho waliyorithishana watatu. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anavyomwuliza mwalimu darasani:

"Sasa wewe ulijuaje?"

Bibi yake alikuwa hatua chache kutoka pale, anapepeta mchele wa waliobaki matangani. Alisimamisha ungo. Naye alikuwa anangoja jibu langu.